Dawa pekee haitamaliza minyoo wa ini

MWACHA mila ni mtumwa, walinena wahenga. Je, mila yenyewe ikiwa ndiyo inayompeleka mtu kaburini, mtumwa ni nani: anayeiacha au anayeing'ang'ania?

Kaskazini-mashariki mwa Thailand, katika eneo la Isan, na ng'ambo ya mto Mekong nchini Laos, kuna chakula kiitwacho koi pla. Ni samaki wadogo wa mtoni na ziwani, waliokatwakatwa wangali wabichi, kisha wakatiwa ndimu, pilipili na viungo. Wakulima wa mpunga hukila pamoja, na anayekikataa huonekana kama aliyekataa udugu. Katika nyama ya samaki hao hujificha lava wa mnyoo bapa, ambaye akishamezwa hupanda hadi katika mifereji ya nyongo ndani ya ini na kukaa humo miaka mingi.

Mwenyeji wake aghalabu hahisi lolote. Hapo ndipo penye hatari. Mifereji hiyo huwashwa na kuvimba mwaka baada ya mwaka, hata saratani ikazuka. Mwaka wa 1994, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilimtaja mnyoo huyu rasmi kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mkoa wa Khon Kaen, ulioko Isan, umepata sifa isiyotamanika ya kuwa na visa vingi mno vya saratani ya mifereji ya nyongo kuliko kwingineko duniani.

Ramani ya ugonjwa huu hufuata sahani. Ndugu yake mnyoo huyu yuko kusini mwa Uchina, Korea na kaskazini mwa Vietnam. Mwingine yuko Siberia, katika bonde la mto Ob na Irtysh, ambako samaki huliwa wabichi wakiwa wamegandishwa, au wametiwa chumvi kidogo tu. Nchi hizo hazifanani kwa hali ya hewa, lugha wala dini. Zinafanana kwa mambo matatu: konokono wa majini, kinyesi kinachofika mtoni, na samaki asiyepikwa.

Wapo wasemao kwamba tiba ni rahisi, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na humwua mnyoo. Ni kweli, lakini hapo ndipo ninapotofautiana nao. Thailand imegawa dawa hiyo kwa miongo kadhaa. Katika uchunguzi wa 1980 na 1981, zaidi ya thuluthi moja ya watu wa Isan waliopimwa walikuwa na minyoo. Kufikia 2009 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 17. Hayo ni mafanikio, lakini wengi waliotibiwa waliambukizwa tena. Mtu akijua kuna kidonge, huona ana ruhusa ya kurudia sahani ileile. Wengine huamini kwamba ukali wa ndimu, au pombe inayonywewa chakulani, humwua lava. Haumwui. Moto ndio umwuao.

Kilichofaulu zaidi ni kile kilichofanyika katika vijiji vinavyozunguka ziwa Lawa, karibu na Khon Kaen. Huko ilikadiriwa kuwa watu sita katika kila kumi walikuwa na minyoo. Wataalamu walitoa dawa, wakashughulikia pia paka na mbwa wanaobeba mnyoo huyohuyo, na wakaingia madarasani kuwafundisha watoto. Maambukizi yalishuka hadi chini ya thuluthi ya kiwango cha awali.

Mwalimu wa Kenya atauliza: yatuhusu nini, sisi tunaokaanga na kuchemsha samaki? Yatuhusu. Ng'ombe wetu wanaolisha kandokando ya mabwawa na mito hupata mnyoo wa ini wa jamii nyingine, na kila siku wakaguzi wa nyama hutupa maini yaliyoharibika. Mnyoo huyo naye hutumia konokono, kisha hujibandika kwenye majani ya majini. Katika nyanda za juu za Bolivia na bondeni mwa Nile nchini Misri, huwaingia pia watu wanaokula mboga za majini bila kuzipika au wanaokunywa maji machafu.

Kwa hivyo, mwanafunzi asikariri mzunguko wa mnyoo kwa ajili ya mtihani, kisha akausahau langoni. Aulizwe: ungekuwa mtoto wa Isan, ungemwambia nini babu yako mbele ya sahani yake? Akiweza kulijibu swali hilo kwa heshima na kwa hoja, ataweza pia kumshauri mzazi wake kuhusu choo, maji na malisho ya hapa kwetu.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto naye afunzwe angali mdogo, maana babu wa Isan hakushindwa na dawa. Alishindwa na mazoea.