Umenitilia Nini Kwenye Uji?

Najua umezoea tuongelee mambo ya wawili, lakini leo naomba tumwongelee wa tatu: mzazi anayehamia kwenu.

Mama mkwe alikuja kuishi nasi Dar mwaka jana, presha ilipomzidia. Mimi na mume wangu tukajipangia sheria: chumvi marufuku, dawa kila asubuhi. Tatizo, siku nyingine Mama alikataa dawa, hasa Jumapili. Nikajifanya mjanja. Nikawa nasaga vidonge na kuchanganya kwenye uji wake wa ulezi.

Wiki ya pili akaonja, akaweka kikombe mezani. "Mkwe wangu, umenitilia nini humu?"

Nikadanganya. Akajua. Tangu siku hiyo hakugusa chakula nilichopika mimi.

Nikampigia dada yangu, anafanya kazi kwenye makazi ya wazee kule Seattle, Marekani. Huko mzee ana chumba chake, ila anasaidiwa kuoga, kula na kumeza dawa. Nilitaka anipe mbinu. Nilichoambulia ni somo.

"Ningefanya hivyo hapa, ningekuwa matatani," akasema. Kumbe kanuni za jimbo la Washington ziko wazi: mzee akikataa dawa, uamuzi wake unaheshimiwa. Mhudumu anaandika ni dawa gani na siku gani, na daktari anajulishwa, au mtaalamu wa afya aliyepo anapima uzito wa jambo hilo. Dawa ikichanganywa na chakula, mwenyewe lazima ajue. Sheria ya haki za wakazi hao ipo tangu 1994.

Kisha akanitisha. Kuna vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu, kama baadhi ya vile vya nifedipine vya presha. Ukivisaga, dawa yote inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kushuka ghafla. Jamani! Nilidhani namwokoa mama wa watu.

"Na chakula je?" nikauliza.

"Kuna bibi hapa ana kisukari, na keki yake ya Jumamosi haachi. Tumeshamweleza madhara, ameelewa. Akili ni zake na mwili ni wake." Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu ni habari nyingine, akasema, hapo familia na daktari wanakaa pamoja, si mtu mmoja jikoni na kinu chake. "Hivi ulishamuuliza Mama kwa nini anakataa?"

Sikuwahi.

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Mama alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema. Kidonge kimojawapo kinamkojoza. Jumapili ibada ni ndefu, choo kiko mbali, na yeye anaona aibu kuinuka kila mara mbele ya watu. Basi, ni hilo tu!

Tukaenda kwa daktari, na safari hii aliyeongea ni Mama mwenyewe. Daktari akakubali kidonge hicho Jumapili akimeze baada ya ibada. Chumvi nayo tumeelewana: mboga za kila siku hazitiwi, ila mara moja kwa wiki anapata kipande chake cha samaki wa chumvi. Presha haisomi vizuri kila tunapopima, sitakudanganya. Lakini sasa akiruka dawa ananiambia, na daktari anajua ukweli.

Kwa hiyo wewe na mwenzi wako, kabla hamjaandika ratiba ya mzazi, kaeni naye. Muulizeni anapenda kula nini, dawa ipi inamsumbua na kwa nini. Na msisage kidonge chochote bila kumuuliza mfamasia.

Juzi Mama aliniomba uji. Aliukoroga kwanza, akachungulia, ndipo akanywa. Sikukasirika. Nimeyataka mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao.