Deki Yako ya CD Haina Uchawi

Sitamung'unya maneno: ile deki ya CD uliyoinunua kwa laki tatu haikupi sauti bora kuliko kompyuta yangu kuukuu hapa Leparua. Najua kuna wazee wa sauti safi kule Nairobi watakaosoma sentensi hiyo na kuanza kunitafuta kwa simu. Sawa tu, njooni. Barabara ya kutoka Isiolo mjini ina vumbi, lakini chai ipo.

Tuanze na kitu chenyewe. CD iliingia sokoni Japani mwaka 1982, na kilichomo ndani yake ni tarakimu. Sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, kulia na kushoto. Deki inazungusha sahani, inaimulika kwa leza, inasoma tarakimu na kuzipeleka kwenye kigeuzi, yaani kile kifaa kinachozifanya ziwe umeme wa kusukuma spika. Kompyuta inafanya kazi hiyohiyo, ila haina sahani ya kuzungusha. Nikinakili CD vizuri hadi faili ya FLAC, tarakimu ni zilezile, hakuna hata moja iliyopotea. FLAC inabana faili hadi karibu nusu jinsi unavyokunja shati kwenye begi. Ukilikunjua, shati ni lilelile.

Sasa niambie, uchawi unatoka wapi? Deki ya bei ikiishinda kompyuta, kilichoshinda mara nyingi ni kigeuzi kilichomo ndani yake. Na kigeuzi kizuri naweza kununua peke yake na kukichomeka kwenye kompyuta.

Wapinzani wangu wana hoja moja ya kweli, na siwanyimi. Kompyuta ni mashine yenye shughuli nyingi. Feni inalia, umeme wake ni mchafu, na ukichomeka spika kwenye kile kitundu cha pembeni utasikia mnong'ono usiotakiwa. Tena programu nyingi hubadilisha zile 44,100 kuwa 48,000 bila kukuuliza. Lakini haya yote yana dawa: kigeuzi cha nje, programu ya muziki inayoachiwa njia peke yake, na kompyuta kukaa mbali na kiti chako. Mimi nikisikiliza jioni naichomoa kwenye chaja, inatumia betri yake iliyojazwa na sola mchana. Mngurumo wa stima unaowasumbua watu wa mjini, huku hauna pa kupitia.

Deki nayo? Inaendeshwa na mota na jicho la leza. Sahani inazunguka karibu mara 500 kwa dakika ikisoma sehemu ya ndani, halafu inapungua hadi kama 200 ikifika ukingoni. Weka mashine ya namna hiyo mahali ambapo upepo ukivuma unafuta vumbi mezani mara tatu kwa siku, kisha uniambie itadumu misimu mingapi.

Kuna wengine wanaokimbilia upande wa pili: wanataka faili za 96,000 na 192,000, eti CD ni ya zamani. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran kule Marekani walichapisha jaribio lao. Walichukua sauti ya kiwango cha juu, wakaipitisha kwenye kifaa cha kuishusha hadi kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji watofautishe. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, yaani ni kama walikuwa wakirusha shilingi. Pesa hiyo nunua spika.

Lakini msipige makofi bado, nyinyi wa kusikiliza mtandaoni. Spotify ilipofika Kenya mwaka 2021, wengi walidhani maktaba imeletwa nyumbani. Maktaba gani inayofungwa bando likiisha? Huku Leparua mtandao ukilegea, wimbo unakatika, au programu inashusha ubora kimyakimya. MP3 ya kilobiti 128 inabeba chini ya moja ya kumi ya tarakimu za CD. Kilichotupwa kimetupwa, hakirudi. Na mkataba kati ya kampuni na mwenye wimbo ukiisha, albamu inatoweka na hupewi hata kwaheri. Umelipa kodi ya nyumba, nyumba si yako.

Hapa ndipo ugomvi wa deki na kompyuta unanikera. Tunabishana kuhusu nyaya huku muziki wenyewe ukiyeyuka. Harusini huku utasikia nyimbo za Kiturkana, za Kimaa, za Kiborana. Vijana wanazirekodi kwa simu, halafu zinarushwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti na kubanwa hadi mzee anasikika kama anaimba ndani ya mtungi. Simu ya kwanza ikipotea, ile nakala ya mtungini ndiyo urithi. Mjukuu akiuliza babu aliimbaje, mtamchezea hiyo? Na jina la mwimbaji nalo halimo.

Kijitabu cha CD kilikuwa na heshima hiyo: nani alipiga gitaa, nani aliitikia, wapi, mwaka gani. Ketebul Music, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, ilipotoa mfululizo wake wa Retracing kuhusu benga na muziki mwingine wa Kenya, iliambatanisha kitabu na diski. Hiyo ndiyo sehemu ya CD ninayoitetea, na inaingia kwenye kompyuta bila shida. Ni kazi ya kuandika tu.

Kwa hivyo kama una CD ndani, zinakili wiki hii kabla hazijachubuka. Tumia FLAC, andika majina yote, weka nakala mbili katika diski mbili, moja ikae kwa nyumba ya mtu mwingine. Terabaiti moja inabeba zaidi ya CD 2,000. Muziki wa msanii aliye hai, nunua faili kamili mahali inapouzwa. Na bibi yako akianza kuimba, usimrekodi kwa ujumbe wa sauti. Pakua programu ya kurekodi faili isiyobanwa, zima feni, muulize jina la wimbo na nani alimfundisha.

Ukishamaliza hayo, deki ya laki tatu nunua ukitaka. Inapendeza sebuleni.