Kidonda cha tumbo kikipona, matibabu bado hayajaisha

Rumangabo iko kilomita kama 45 kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru. Watu wanaijua kwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga na kwa kambi yake kubwa ya jeshi. Kwa sababu ya kambi hiyo, vita imerudi hapo mara nyingi. M23 waliiteka mwaka 2012, FARDC wakairudisha mwezi wa 10 mwaka 2013, na mwaka 2022 M23 wakaingia tena. Vita ya namna hiyo huacha nyuma yake watu waliopigwa risasi ao vipande vya bomu tumboni, wakiwemo wakulima na wanawake waliokuwa wakikimbia tu.

Wengi waliponea kwenye meza ya upasuaji. Mjini Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ikisaidiwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa, CICR, imepokea majeruhi wa vita tangu zaidi ya miaka kumi. Muganga hukata sehemu ya utumbo iliyopasuka, anaunganisha iliyobaki, na mtu anaishi. Kidonda kinafunga, mgonjwa anaanza tena kula bugali, kilo zinarudi, anapanda gari ama pikipiki kwenda kwao. Familia inamshukuru Mungu na kusema mambo yameisha.

Kwa baadhi yao, hayajaisha. Na mimi naona kwamba hapa ndipo tunapowaacha.

Tumbo la mtu si mfuko wa kupitisha chakula tu. Kila sehemu ina kazi yake. Madini ya chuma, yanayotengeneza damu, na kalsiamu, inayoshika mifupa, huingia mwilini zaidi katika mwanzo wa utumbo mwembamba. Vitamini B12 huingia mwishoni kabisa mwa utumbo huo, tena kwa msaada wa kitu kinachotolewa na tumbo lenyewe. Mtu aliyekatwa sehemu kubwa ya tumbo, ama aliyepoteza zaidi ya sentimita 60 za mwisho wa utumbo mwembamba, anaweza kula vizuri kila siku na bado mwili wake usipate B12.

Ubaya wa upungufu huu ni kwamba unachelewa. Ini lina akiba ya B12 ya miaka miwili hadi mitano. Mtu aliyepasuliwa mwaka 2022 anaweza kuanza kuugua leo, wakati hakuna anayekumbuka tena risasi ile. Miguu inakufa ganzi ao inawaka kama pilipili. Anatembea akiyumba, hasa gizani. Ulimi unauma, nguvu zinakwisha, anasahau mambo. Jirani wanasema amekula karuho, amelishwa sumu. Familia inauza mbuzi, kisha kipande cha shamba, kulipa wanaojidai kutapisha sumu hiyo. Na mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila vitamini hiyo, inaweza kuharibika kabisa.

Si majeruhi wa vita peke yao. Homa ya tifoide isiyotibiwa mapema inaweza kutoboa utumbo, na mara nyingi inatoboa pale pale mwishoni, mahali B12 inapoingilia. Mtoto aliyekatwa utumbo kwa sababu ya tifoide ana miaka mingi ya kuishi na shida hiyo. Lakini si kila aliyepasuliwa tumbo yuko hatarini. Aliyeguswa utumbo mpana tu, kwa kawaida, hana tatizo hili. Ndiyo maana ni lazima kujua kila mtu alikatwa nini.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokatwa tumbo kwa hiari, ili wapunguze unene. Kabla hata ya kulala kwenye meza, wanaambiwa kwamba watatumia vitamini na madini maisha yao yote, na kwamba damu yao itapimwa kila mwaka. Waganga walijifunza kwamba bila ufuatiliaji huo, upasuaji uliofaulu unageuka kuwa ugonjwa mwingine. Yule wa Rumangabo alikatwa bila kuchagua, na anarudi kwao na karatasi moja ya kutoka hospitali, ambayo mara nyingi inapotea akikimbia vita nyingine.

Najua mtu atauliza: nchi haina amani, watu wanalala njaa, na wewe unaleta habari za vitamini? Swali ni la haki. Lakini B12 ya sindano ni dawa ya zamani, iliyo kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Mwanzoni hutolewa mara kwa mara, halafu moja kila miezi miwili ao mitatu. Ukilinganisha na upasuaji, damu na siku za kitanda zilizotumika kumwokoa mtu huyo, ni kitu kidogo. Kumwokoa kwa gharama kubwa hivyo, kisha kumwacha apooze kwa kukosa sindano, ni hasara mara mbili.

Mambo matatu yanawezekana hata leo. Kwanza, kila anayetoka hospitali baada ya kupasuliwa tumbo apewe maandishi yanayosema wazi sehemu gani ilikatwa na kwa urefu gani, na yeye mwenyewe aelezwe kwa lugha anayoisikia. Pili, muuguzi wa kituo cha afya akiona mtu mwenye ganzi ao upungufu wa damu, aangalie tumbo lake kama lina kovu, aulize, kabla ya kumpa tu vidonge vya asidi foliki. Vidonge hivyo vinaweza kurekebisha damu wakati mishipa inaendelea kuharibika. Tatu, mashirika yanayosaidia upasuaji wa vita yaweke sindano hizi katika mpango wao wa miaka inayofuata.

Na familia zisaidie. Sambaza wa ziwa Kivu, wanaoliwa pamoja na mifupa, wana kalsiamu na B12. Maharagi na lengalenga zina madini ya chuma. Chai ikae mbali na saa ya kula, maana inazuia chuma kuingia. Lakini aliyepoteza mahali pa kupokelea B12, sambaza peke yake hawatatosha. Huyo anahitaji sindano. Kama kwenu kuna mtu aliyepasuliwa tumbo miaka iliyopita na sasa analalamika kwamba miguu imekufa ganzi, mpelekeni kituo cha afya, mwonyeshe muganga kovu lake, kabla hamjauza shamba.