Uwanjani Nako Mtoto ni Amana

Ndugu wasomaji, kila siku baina ya Alasiri na Magharibi viwanja vya Mwanza hujaa watoto. Nendeni Mabatini, Igoma, Nyakato au Kirumba, mtawakuta: mmoja kavaa njumu, wenzake watano wapo pekupeku, na mpira mmoja unawatosha wote. Huu ni mji wa Pamba na Toto Africans. Mwaka 2014 vijana waliopitia maisha ya mitaani hapa Mwanza walikwenda Rio de Janeiro, wakaifunga Burundi 3-1 na kurudi na Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani. Kwa hiyo hatuandiki leo kuwaambia wazazi wawafungie watoto ndani. Mchezo una kheri nyingi ndani yake. Tunaandika kuuliza: mtoto akishatoka mlangoni kwetu na begi lake la jezi, amana ile inakuwa mikononi mwa nani?

Posa ikija nyumbani, tunauliza ukoo, dini, tabia na kazi ya mposaji. Lakini huja mtu asemaye yeye ni kocha, akaomba mtoto wa miaka 12 avuke naye ziwa kwenda kucheza Ukerewe na kulala huko, nasi tukatoa ruhusa kwa kuwa mtoto anafurahi na nauli imelipwa. Hatujui kwake, hatujui alikofundisha kabla, wala hatuulizi watoto watalala wapi na nani.

Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Tuitazame vyema hesabu ya wavulana, kwani wengi wetu tumezoea kumchunga binti na kumwachia mwana wa kiume njia zote.

Yaliyotokea Uingereza yatuzindue. Mwaka 2016 mchezaji wa zamani, Andy Woodward, alijitokeza hadharani kueleza aliyotendewa utotoni na kocha wake, Barry Bennell. Baada yake wakajitokeza wengine wengi. Mwaka 2018 kocha huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Hakuwa mtu wa kuvizia vichochoroni. Alisifiwa kwa kuibua vipaji, akaaminiwa na wazazi, na watoto wakawa wakilala nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo njia ya madhalimu wa namna hii, na haina uzungu wala uafrika. Huanza kwa wema: viatu, nauli, chipsi baada ya mazoezi. Kisha huja upendeleo, kisha siri ndogo ambayo mama asiambiwe. Mtoto akianza kusita, hukumbushwa kuwa jina lake laweza kukatwa kwenye orodha ya kikosi. Mtoto maskini aliyeahidiwa Ulaya ana kingi cha kupoteza, kwa hiyo hunyamaza. Na wazazi wajue kuwa kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizobainishwa. Wakala anayeomba fedha ili amsafirishe kijana wa miaka 15 anastahili kuulizwa maswali mengi kabla ya kupewa hata shilingi.

Udanganyifu wa umri nao umo katika mlango huu. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Gambia kwa kosa hilo, nasi tukaomboleza kombe. Lakini anayeghushi umri wa mtu mzima ili acheze na watoto, humwingiza pia katika chumba cha kulala na cha kubadilishia nguo cha watoto.

Tufike sasa kwenye jambo zito zaidi. Katika jamii yetu habari za aina hii zikijulikana, wazee hukutana usiku, faini hutolewa, na mtuhumiwa huhama mtaa. Tunaiita sitara. Ndugu zetu, sitara ni kumfunika mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Kumfunika anayedhuru watoto ni kumfungulia mlango wa nyumba ya jirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupigwa bila malipo.

Mzazi afanye nini kabla ya hapo? Afike uwanjani, japo mara moja kwa wiki, aonekane. Aulize kocha anatambuliwa na nani. Asikubali safari ya kulala nje pasipo watu wazima wawili au zaidi, na timu ya wasichana iwe na mwanamke wa kuisimamia. Akatae mtoto kuitwa peke yake nyumbani kwa kocha. Kocha mwema hatachukia masharti haya, kwani yanamlinda naye dhidi ya tuhuma za uongo. Zaidi ya yote, mtoto aambiwe mapema, kwa maneno mepesi, kuwa hakuna siri ya mtu mzima inayopaswa kufichwa kwa wazazi, na kuwa akisema hatapigwa.

Wapo watakaosema haya ni ya watu wa mpira. Sivyo. Mtoto yule yule aliyekuwa uwanjani Alasiri, baada ya Magharibi yupo madrasa, na wengine hulala katika mabweni yetu. Masharti tunayomwekea kocha tuwawekee pia maustadhi na walezi wa mabweni, bila kuona haya. Kamati za misikiti zinaweza kuanza Ijumaa hii: ziandike masharti hayo, ziyabandike mlangoni, na zimteue mwanamume na mwanamke ambao mtoto yeyote anaweza kuwaendea.

Tunamuomba Allah atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie tusiwe miongoni mwa wanaokhini amana.