Ukumbi Mpya wa Mikutano Dar Uwe Posta, Si Kibaha

Kila Dar es Salaam inapopokea ugeni mkubwa, maneno hurudi yale yale: Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere (JNICC) hakitoshi tena, tujenge kingine kikubwa zaidi, na safari hii kiwe nje ya mji, Kibaha, Bunju au ng'ambo ya Kigamboni, ambako kuna ardhi. Kwamba JNICC ni kidogo, sina ubishi. Ukumbi wake mkuu unachukua watu takriban 1,000, na mkutano wa bara zima huleta wengi kuliko hao. Ninachobisha ni mahali. Kituo kipya kikijengwa, kijengwe Posta, katikati ya mji, JNICC ilipo. Hoja za kukipeleka mbali zinakubalika kirahisi mno kwa jambo litakalokula fedha nyingi za umma, na zinastahili kujibiwa moja moja.

Inayotangulia siku zote ni foleni. Ushahidi wanaoutoa ni wa Januari 2025, pale marais na wakuu wa serikali za Afrika walipokutana JNICC tarehe 27 na 28 kuzungumzia kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Barabara kadhaa zilifungwa na watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Watu wakahitimisha kwamba Posta haibebi mikutano.

Lakini kilichofunga barabara ni misafara ya viongozi, na msafara wa rais hufungiwa njia popote unapopita. Wageni wale walilala wapi? Hoteli zinazoweza kupokea ujumbe wa rais, kama Hyatt Regency, Serena na Johari Rotana, ziko mjini. Ukumbi ungekuwa Kibaha, viongozi hao hao wangelala hapo hapo, na polisi wangelazimika kusafisha Barabara ya Morogoro kwa karibu kilomita 40, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Hiyo ndiyo njia ya mabasi ya mikoani na ya malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Badala ya kufunga mitaa ya Posta kwa siku mbili, tungefunga mlango wa nchi.

Na masika je? Kila mwenye kuishi Dar anajua mvua kubwa ya Aprili inavyofanya pale Jangwani, kwenye barabara hiyo hiyo: Mto Msimbazi unapanda, barabara inafungwa, mwendokasi unasimama. Kupanga mkutano wa kimataifa ambao wajumbe wake wamelala upande mmoja wa Jangwani na viti vyao viko upande mwingine ni kujitafutia aibu.

Tena mikutano mingi haina marais. Ni ya madaktari, wahasibu, walimu, wanasheria, watafiti, na hawa hawafungiwi barabara na mtu yeyote. Simama nje ya JNICC, Mtaa wa Shaaban Robert, saa saba mchana siku ya mkutano wa namna hiyo uone. Wajumbe wanatoka langoni na vitambulisho vyao shingoni. Mmoja anavuka kwenda kutafuta chakula, mwingine anaulizia laini ya simu, wawili wanakwenda Makumbusho ya Taifa ambayo iko mtaa huo huo, na mtu wa kubadilisha fedha hana haja ya gari. Kikao cha alasiri kinapoanza wote wamesharudi, na kila mmoja ameacha fedha mjini. Mama lishe, wenye maduka ya Mtaa wa Samora, wachapaji wa mabango na fulana, fundi cherehani aliyeagizwa shati la kitenge lichukuliwe kesho: hawa ndio wanaotajwa kila tunapoambiwa kwamba utalii wa mikutano unanufaisha wananchi. Mweke mjumbe kwenye basi la kukodi kutoka hotelini hadi ukumbini kilomita 40, mlishe humo humo ndani, mrudishe jioni amechoka, na wote hao hawatamwona. Fedha yake itaishia kwa mwenye basi na mwenye zabuni ya chakula.

Hoja ya pili, na hii husemwa na watu makini, ni bei ya ardhi. Kiwanja cha Posta ni ghali, cha Kibaha ni rahisi. Ni kweli ikiwa Serikali ingekwenda kununua kwa mtu binafsi. Lakini ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wizara ziliacha ofisi zao katikati ya Dar. Hata kama baadhi zimepewa taasisi nyingine, viwanja bado ni vya umma. Ofisi zinaweza kuhamishwa, maana tumekwisha kuhamisha wizara nzima nzima.

Upande wa pili, ile ardhi ya nje inayoitwa ya bure ina wenyewe. Ina mihogo, mikorosho, misingi ya nyumba za watu waliojinyima miaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Tunakumbuka Kigamboni: mpango wa Mji Mpya ulipotangazwa mwaka 2008, wakazi walikaa miaka bila kuruhusiwa kuendeleza maeneo yao, wakingoja fidia na mji ambao haukuja kama ulivyochorwa. Mtu anayeanza hesabu kwa bei ya kiwanja tu, akaacha fidia, barabara, maji, umeme, majitaka na hoteli mpya, hajapiga hesabu.

Wapo wanaotaja Kigali. Wanasema Rwanda walijenga jumba lao la mikutano mbali na mjini kati, likafunguliwa 2016, na leo linajaa wageni. Jumba hilo liko Kimihurura, kilima kilicho kati ya mji wa zamani na uwanja wa ndege, karibu na wizara, na hoteli ya Radisson Blu ilijengwa pamoja nalo. Kigali yenyewe si pana kama Dar. Anayetaka kulinganisha kwa haki basi asiseme Kibaha, aseme jengo lililo kati ya Posta na uwanja wa ndege, lenye hoteli yake, na tena hapo tutakuwa tumekaribiana sana.

Miji mingine yenye uzoefu inasema hivyo hivyo. KICC ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1973 katikati kabisa ya jiji, ikapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka huo huo, na miaka 42 baadaye ikapokea mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani. Durban ilijenga chake mjini, kikafunguliwa 1997. Cape Town ilijenga karibu na bandari, kikafunguliwa 2003, na nafasi ilipopungua hawakukimbilia nje: waliongeza jengo la pili jirani na la kwanza. Na hapa kwetu, wajumbe wa kituo cha mikutano cha AICC Arusha wanatembea kwa miguu hadi Mnara wa Saa.

"Jengeni ukumbi, mji utaufuata." Hii ni hoja ya wenye ndoto, na siidharau, kwa kuwa miji mipya huanza kwa ndoto. Senegal walijaribu. Walijenga kituo cha mikutano Diamniadio, zaidi ya kilomita 30 kutoka Dakar, kikapokea mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa mwaka 2014. Ili Diamniadio ifikike vizuri, ilibidi ijengwe reli ya treni ya haraka, ambayo ilizinduliwa Desemba 2021, yaani miaka saba baadaye. Zikaongezwa ukumbi wa michezo na uwanja wa mpira. Senegal iliamua kujenga mji mzima na ikagharimia mji mzima. Sisi tunaambiwa tujenge ukumbi, kisha tungoje. Wakati huo reli yetu ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, stesheni yake ya mwisho iko mjini Dar. Ofisa anayetoka Dodoma anashuka mwendo mfupi tu kutoka Posta.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ya malori. Ukumbi wa maonyesho unahitaji mlango wa mizigo, uwanja wa kugeuzia lori refu, sakafu inayobeba mitambo. Posta haina nafasi hiyo, na sitajifanya inayo. Maonyesho ya matrekta na mashine yabaki Sabasaba, Barabara ya Kilwa, ambako viwanja vipo na wananchi wamezoea kwenda. Vikiboreshwa vile, hatutakuwa na haja ya kubebesha jengo moja kazi mbili zisizofanana. Kikao kinahitaji viti, vibanda vya wakalimani, vyumba vidogo vya majadiliano na intaneti isiyokatika. Hayo yanapanda ghorofani bila tabu.

Wengine wanahofia kwamba kujenga Posta ni kubomoa historia. Nipo pamoja nao. Majengo ya enzi za Wajerumani pale Kivukoni, Boma la Kale, Karimjee ambako Bunge lilikaa, Bustani ya Mimea iliyo jirani ya JNICC: hata kimoja kisiguswe, na mchoro utakaogusa mojawapo nitaupinga kwa nguvu hii hii. Ziko ofisi za zege za miaka ya karibuni ambazo hakuna atakayezililia.

Inabaki hoja ambayo watetezi wa Posta hawapendi kuisikia: kwamba popote kitakapojengwa, kitakaa kitupu siku nyingi za mwaka. Msomi wa Marekani Heywood Sanders ameandika kitabu kizima, kilichochapishwa 2014, akionyesha jinsi miji ya kwao ilivyojenga kumbi kubwa kwa makadirio ya wageni ambao hawakufika. Hofu hiyo ni halali, na kwangu ndiyo inayomaliza ubishi wa mahali. Ukumbi mtupu wa Kibaha unakaa mtupu. Ukumbi wa Posta usio na mkutano wa kimataifa una mahafali ya chuo cha IFM kilicho jirani, una mkutano wa mwaka wa wanahisa wa benki, una harusi, una usaili wa kazi, kwa sababu watu hao tayari wapo mjini au wanajua kufika.

Hofu hiyo hiyo inadai pia kwamba tusijenge kikubwa kupita kiasi. AICC ndiyo inayosimamia kumbi za Arusha na JNICC, na inazo kumbukumbu za siku zilizokodiwa, idadi ya wajumbe, na mikutano iliyokataliwa kwa kukosa nafasi. Takwimu hizo zitolewe hadharani kabla ya kiwanja chochote kupimwa, ili tujue tunahitaji viti 2,000 au 5,000, na mwenye kutaka Kibaha azisome mbele ya wote na aonyeshe ni mkutano upi kati ya hiyo ungekwenda huko.