Kulijua Somo Si Kujua Kulifundisha

Imani kwamba anayelijua somo anaweza kulifundisha ni miongoni mwa imani zilizoigharimu sana elimu ya Tanzania. Husikika bungeni, katika vikao vya wazazi, na hata vyuo vikuu, ambako wapo wanaomtazama mhadhiri wa elimu kama mtu aliyekosa nafasi ya kusomea fizikia au sheria. Kutokana nayo huzaliwa imani ya pili: kwamba ufundishaji hauna cha kutafitiwa, na kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayekaa nyuma ya darasa akiandika namna mwalimu anavyouliza maswali anapoteza muda wake na fedha za aliyemfadhili. Imani zote mbili ni potofu, na hasara yake haigawanyiki sawasawa baina ya watoto.

Nguvu ya imani hiyo ilionekana wakati wa upanuzi wa sekondari. Kupitia MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, kila kata ilitakiwa kuwa na sekondari yake. Wananchi walichanga, wakabeba mawe na mchanga, na majengo yakasimama kwa kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona. Walimu hawakuweza kuandaliwa kwa kasi hiyo. Basi vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakakabidhiwa chaki na madarasa. Watu wakawaita walimu wa vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Hoja iliyowapeleka kazini ilikuwa fupi: aliyefaulu hisabati ya kidato cha sita anaijua hisabati ya kidato cha pili, kwa hiyo ataifundisha.

Vijana wale hawastahili lawama. Wengi walijituma kuliko walivyolipwa, na baadhi yao wakarudi vyuoni kusomea kazi yao wakawa walimu hodari. Kinachostahili lawama ni fikra iliyodhani kwamba wiki chache zinatosha kwa sababu somo lenyewe tayari limo kichwani. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Sababu za anguko lile zilikuwa nyingi, kuanzia uhaba wa vitabu na maabara hadi lugha, na si haki kuwatwika walimu wa vodafasta mzigo wote. Hata hivyo, aliyefahamu kufundisha ni nini hangeshangazwa na matokeo yale.

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine wote dhidi ya imani hii ulitoka katika kazi ya uzamivu. Liping Ma, mzaliwa wa China, alipelekwa kijijini akiwa kijana wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni na huko akafundisha shule ya msingi. Baadaye alisoma Marekani, kwanza Michigan State na kisha Stanford, ambako alikamilisha uzamivu wake katika miaka ya 1990. Alilinganisha majibu ya walimu 23 wa shule za msingi wa Marekani na ya walimu 72 wa China kwa maswali yaleyale, ambayo asili yake ni utafiti uliofanywa na Deborah Ball na wenzake huko Michigan. Swali moja liliwataka wagawanye moja na robo tatu kwa nusu, halafu watunge fumbo la hesabu ambalo mtoto angelitumia kuelewa maana ya mgawanyo huo.

Walimu 21 wa Marekani walijaribu kukokotoa, na 9 tu ndio waliofika kwenye jibu sahihi. Kwenye fumbo hali ilikuwa mbaya zaidi: ni mmoja tu kati ya wote 23 aliyetunga lenye mantiki sahihi, na hata hilo lilikuwa na kasoro kwa kufundishia. Kosa lililojirudia ni kutunga fumbo la chakula kinachogawanywa kwa watu wawili, yaani kugawanya kwa mbili badala ya kwa nusu. Walimu wote 72 wa China walipata jibu, na karibu tisa katika kila kumi wakaweza kutunga fumbo linalofaa. Fumbo la namna hiyo lingeweza kuwa hili: sukari kilo moja na robo tatu ikifungwa katika mifuko ya nusu kilo, inatoka mifuko mitatu na nusu. Mtoto anayeliona hilo hatasahau kwa nini jibu limekuwa kubwa kuliko namba iliyogawanywa.

Jambo linalopaswa kumsimamisha kila mpangaji wa sera ni kiwango cha elimu cha makundi hayo mawili. Wamarekani walikuwa na shahada. Wachina walisoma shule miaka tisa, wakaongeza miwili au mitatu ya chuo cha ualimu, basi. Ma alichunguza pia wanafunzi wa shule na wa vyuo vya ualimu huko China, akakuta kwamba walijua kukokotoa lakini hawakuwa na kina cha walimu wazoefu. Kina hicho kilijengwa kazini. Walimu wa China walisoma vitabu vya kiada mstari kwa mstari, wakaandaa masomo pamoja, wakajadiliana namna mbalimbali za kufikia jibu moja na makosa ambayo watoto hufanya. Hayo ni maarifa ya aina yake, na hayapimwi kwa cheti cha somo. Lee Shulman, aliyekuwa Stanford wakati huo, alikuwa amekwisha kuyaeleza mwaka 1986: mbali na maarifa ya somo na maarifa ya jumla ya kuongoza darasa, mwalimu anahitaji kujua somo lake linavyoeleweka na linavyoeleweka vibaya kichwani mwa anayejifunza, na mifano ipi humfungua macho. Mhandisi hodari hana haja ya kujua kwa nini mtoto wa miaka 11 anaandika kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Mwalimu asipojua hilo, mtoto atasahihishwa kwa alama ya kosa na kuendelea kukosea vilevile.

Tanzania ina mifano yake ya utafiti wa namna hiyo. Fidelice Mafumiko, ambaye baadaye alikuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, alifanya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na kuumaliza 2006. Alianzia kwenye tatizo analolijua kila mwalimu wa kemia wa Tanzania: majaribio hayafanyiki kwa sababu hakuna maabara wala kemikali za kutosha, na mahali yanapofanyika, mwalimu huonyesha mezani huku wanafunzi wa nyuma wakinyoosha shingo. Mafumiko alijaribu njia ya majaribio madogo, kwa vibao vya plastiki vyenye vishimo na matone machache ya kemikali, ili kila kikundi kifanye chenyewe hata katika darasa la kawaida. Pamoja na vifaa aliandaa miongozo ya kumsaidia mwalimu hatua kwa hatua, kwa sababu alifahamu kwamba kifaa bila namna ya kukitumia darasani hakisaidii kitu.

Miaka minane baada ya tasnifu hiyo, mwishoni mwa 2014, halmashauri zilikuwa zikikimbizana kukamilisha vyumba vitatu vya maabara katika kila sekondari ya kata kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete. Michango ilikusanywa kaya kwa kaya. Nia ilikuwa njema na majengo yalihitajika, lakini vyumba vingi vilikaa muda mrefu bila vifaa wala mtaalamu, na katika pilikapilika zile swali la namna kemia inavyofundishwa halikusikika. Tofali lilipewa kipaumbele kwa sababu linaonekana na linahesabika.

Lugha ni mfano mwingine. Halima Mwinsheikhe alichunguza walimu na wanafunzi wa sayansi wa sekondari wanavyohangaika kati ya Kiingereza na Kiswahili. Mwajuma Vuzo alilinganisha madarasa ya jiografia yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Wote wawili walipata uzamivu Chuo Kikuu cha Oslo, 2007. Walichokikuta kinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa katika darasa la kidato cha kwanza: somo likiwa kwa Kiswahili wanafunzi huuliza, hubishana, hueleza kwa maneno yao, likiwa kwa Kiingereza hunyamaza, hunakili ubaoni na kukariri. Mwalimu anayeijua jiografia barabara, aliyefaulu kwa alama za juu, husimama mbele ya darasa hilo la kimya na kulihesabu kuwa la wanafunzi wazito. Ujuzi wa somo haumwambii kwamba ukimya ule umetokana na lugha. Utafiti wa darasani ndio unaomwambia.

Watetezi wa imani hii hupenda kuwataja walimu wa zamani. Babu zetu, husema, walifundishwa na watu wasio na shahada wala utafiti, na waliandika barua safi na kupiga hesabu kwa kichwa. Hoja hiyo inasahau kwamba shule za enzi hizo zilichuja watoto kwa ukatili, hata aliyefika madarasa ya juu alikuwa mmoja kati ya wengi walioachwa njiani, na walioachwa hawatajwi katika simulizi. Inasahau pia kwamba walimu wale waliandaliwa. Walikaa chuoni, wakafundisha mbele ya wakufunzi katika shule za mazoezi zilizokuwa jirani na vyuo, wakaandika andalio la somo na kulitetea. Sifa wanazopewa zinathibitisha thamani ya maandalizi.

Hoja nyingine ina uzito zaidi. Wapo walimu wasiolijua vya kutosha hata hilo somo wanalofundisha, na tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, zimeonyesha hivyo bila kificho. Ni kweli, na ni aibu inayopaswa kushughulikiwa. Asiyejua sehemu hawezi kufundisha sehemu. Lakini kosa ni kuamini kwamba ujuzi ukishapatikana kazi imekwisha. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne wa 2022, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu, na miongoni mwa waliofeli wamo maelfu waliofundishwa na wenye shahada.

Imani hii inadumu kwa sababu wenye sauti hawaumizwi nayo. Watoto waliochaguliwa kwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala hujifunza hata kwa mwalimu anayezungumza na ubao, maana wanajifunza wenyewe na wanafundishana. Mtoto wa mzazi mwenye kipato hupelekwa tuisheni jioni, akaelezwa upya kile ambacho darasa halikueleza. Wote hawa wakifaulu, ufaulu wao huhesabiwa kwa mwalimu anayejua somo. Anayebaki ni mtoto wa shule ya kata iliyo kilomita nyingi kutoka mjini, katika darasa la wanafunzi 80, asiye na kitabu wala mtu wa kumweleza nyumbani. Kwake yeye darasa ndilo kila kitu, na namna mwalimu anavyofundisha ndiyo tofauti kati ya kuelewa na kutoka mtupu. Kudharau utafiti wa ufundishaji ni kumwambia mtoto huyo kwamba elimu yake haistahili kufikiriwa.

Dharau hiyo imepata chakula ndani ya vyuo vikuu vyenyewe. Mwalimu akimaliza uzamivu, mara nyingi haonekani tena shuleni: huenda chuo kikuu, wizarani au kwenye shirika, kwa kuwa muundo wa mishahara na vyeo haumwekei nafasi darasani. Tasnifu yake huandikwa kwa Kiingereza, hata ikiwa inahusu watoto waliojadili kwa Kiswahili, kisha huwekwa maktaba ambako mwalimu wa Kibondo au Liwale hataingia. Matokeo ya Mafumiko, Mwinsheikhe na Vuzo yamejadiliwa zaidi na watafiti wenzao kuliko na walimu waliochunguzwa. Kwa hali hiyo mwalimu anayesema kwamba udaktari wa elimu haumsaidii hakosei kuhusu anachokiona. Anachokosea ni kudhani kwamba ni lazima iwe hivyo.

Njia ya kurekebisha ipo na haihitaji mabilioni. Serikali imeanzisha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu hukutana shuleni katika jumuiya za kujifunza. Hapo ndipo kazi ya uzamivu inapopaswa kufika. Vyuo vikuu vimtake kila mtahiniwa wa uzamivu katika elimu aandike kwa Kiswahili chepesi, kwa kurasa chache, alichokikuta na namna mwalimu anavyoweza kukijaribu, na akawasilishe kwa walimu wa shule alikofanyia utafiti kabla ya kutunukiwa. Vyuo vya ualimu vifufue shule za mazoezi na kuwapa wanafunzi wa uzamivu kazi humo, wafundishe na kuchunguza kwa pamoja, ili mafunzo kwa vitendo yasiwe ziara ya mkufunzi ya dakika 40 yenye fomu ya kujaza alama. Tume ya Utumishi wa Walimu na wizara ziweke daraja la mwalimu mtafiti, lenye mshahara unaomwezesha mwenye uzamivu kubaki shuleni bila kuonekana ameshindwa maisha. Na mjumbe yeyote wa bodi ya shule atakayesikia tena kwamba fulani aajiriwe kwa kuwa ana alama A ya hisabati, amwombe fulani huyo kwanza aeleze mbele ya watoto kwa nini moja na robo tatu ikigawanywa kwa nusu huwa tatu na nusu.