Paka Anapohema kwa Mdomo Wazi



Imepokewa kwamba Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani. Anayetuzungukia kila siku ana haki kwetu, na mojawapo ni kumtambua anapougua. Leo tunazungumzia maradhi ya pumzi, kwa kuwa huweza kumuua paka kwa muda mfupi, naye ni hodari wa kuficha maumivu yake.

Hapa Dodoma kiangazi huja na upepo na vumbi. Ndani ya nyumba mna moshi wa mkaa, udi, na dawa ya mbu ya kuwasha. Hayo yote hukitesa kifua cha paka, hasa mwenye pumu. Kwani paka naye hupata pumu. Hujikunyata, akanyoosha shingo na kukohoa, watu wakadhani anataka kutapika. Yapo pia mafua, maradhi ya moyo, na majimaji yanayojaa pembeni mwa mapafu.

Kipimo ni chepesi. Paka akiwa amelala, tazama ubavu wake: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Paka mzima hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Zikizidi 40 ilhali ametulia, kuna hatari. Akihema kwa mdomo wazi, tusiseme ni joto tu. Hiyo ni desturi ya mbwa, si ya paka. Ufizi ukiwa wa buluu au mweupe, msaada unatakiwa saa hiyo hiyo.

Basi tufanye nini? Tumwondoe penye moshi, tuwatulize watoto, tusimbane wala kumbebabeba. Tusimnyweshe maji au maziwa kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Tusimpe kabisa Panadol wala dawa nyingine ya binadamu: Panadol huiharibu damu ya paka isiweze kubeba hewa, hata kidonge kimoja huweza kumuua. Tumtie katika boksi lenye matundu, tumpigie simu daktari wa mifugo, tuondoke.

Mkoa wetu si mgeni wa tiba ya wanyama. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilianza tangu enzi za Wajerumani. Ila tumezoea kumwita daktari kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, paka tukamwachia majaaliwa yake. Tukumbuke yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, wala asimwache ajitafutie. Kumwacha kiumbe akitweta pembeni mwa jiko, nasi tuna uwezo wa kumsaidia, ni jambo la kuogopwa.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Aamin.